Pampu Kumi na Mbili Tulizozidai

Maji ya mtaani kwetu hayapigi hodi. Kwingine mafuriko huingia mlangoni, unayaona yakija, unawahi kupandisha watoto juu ya meza. Kwetu yanapanda kutoka chini. Unaamka asubuhi, unashusha mguu kitandani, na mguu unakutana na maji ya baridi ndani ya nyumba ambayo milango yake yote ina komeo. Yanapita kwenye maungio ya vigae, kando ya bomba la choo, popote penye upenyo. Mlima ulio nyuma yetu ni wa mawe ya chokaa, na chokaa huyeyuka majini kama sukari kwenye chai, ila polepole zaidi. Chini yetu ni mapango na mifereji na mashimo yaliyojaa udongo mwekundu. Hayo sikufundishwa na mtu. Niliyasoma katika kitabu cha jiografia kilicholowa, nilichookota kwenye takataka za shule, kurasa zake nikazianika kwenye kamba moja moja.

Na mimi sisahau. Hapa palikuwa uwanja, na katikati ya uwanja palikuwa na shimo tulilokuwa tukiliita Mmezaji. Mvua ikinyesha, maji ya bonde zima yalilizunguka mara mbili tatu, yakaingia humo, na kesho yake uwanja ulikuwa mkavu tunacheza mpira. Ofisi ya Nyumba ikaleta malori kumi na tisa ya kifusi, ikaliziba, ikamwaga zege juu yake, ikajenga nyumba tisini na nne zenye milango ya rangi moja. Nilikuwepo, malori niliyahesabu kwa mdomo wangu. Tangu siku hiyo maji hayana pa kushukia. Yanatafuta njia nyingine, na njia nyingine ni sakafu zetu.

Kazi yangu ni kukausha nyumba. Maji yakishaingia, naitwa. Nabandua plasta ya ukuta mpaka kiasi cha shibiri moja juu ya alama ya maji, natoboa matundu chini ya ukuta upumue, naosha kwa dawa ya kuua ukungu, naweka feni zikiwa zimepindishwa kidogo ili upepo uteleze ukutani badala ya kuugonga. Kisha kila asubuhi nachomeka kipimo cha unyevu kwenye ukuta, chenye meno mawili kama ya nyoka, na kuandika namba kwa kalamu ya risasi palepale ukutani. Namba ikishuka, watu wanarudi kulala kwao. Ikigoma kushuka, wananilaumu mimi, si Ofisi.

Mwaka huu maji yalikaa siku sita. Tulilala katika madarasa ya shule, familia nne chumba kimoja, mama yangu juu ya madawati mawili yaliyounganishwa, maana nyonga yake ilivunjika mwaka jana na tangu hapo hatembei. Niliandika barua saba kutaka pampu. Hazikujibiwa. Siku ya saba niliwachukua watu, tukaenda kukaa kwenye ngazi za Ofisi, mimi nimesimama juu ya pipa la mafuta nikiwasomea barua zangu zote, moja baada ya nyingine, mpaka msimamizi wa Ofisi akatoka na kusema tutapewa. Pampu kumi na mbili, na jenereta zake. Hapo ndipo jina langu la utani, Pingamizi, lilipotamkwa kwa heshima kwa mara ya kwanza. Nikapanda tena juu ya pipa, nikawaambia kwamba maji ya chini ni mamoja, nyumba moja ikizima pampu maji yanarudi kwa jirani, kwa hiyo atakayezima kabla sakafu zote hazijakauka ni msaliti. Walinipigia makofi. Nilirudi nyumbani kichwa kimevimba kama andazi.

Nilianzia kwa mama. Chumba chake cha nyuma ndicho kilichokuwa chini kuliko vyote katika safu yetu, kwa hiyo nilivunja kigae kimoja pembeni, nikachimba shimo la kina cha mkono, nikashusha pampu humo. Ilivuta maji chini ya sakafu kabla hayajapanda juu, ikayapeleka kwa mpira mrefu mpaka kwenye mtaro nyuma ya nyumba ya mwisho. Ilifanya kazi siku mbili mchana na usiku. Ukuta ulisoma arobaini, kisha thelathini na moja, kisha ishirini na mbili. Sijawahi kukausha nyumba haraka namna hiyo. Siku ya tatu asubuhi tulimrudisha mama, tukamlaza kitandani kwake, kitanda chenyewe kimeinuliwa kwa matofali. Alitazama matundu niliyotoboa ukutani akauliza kama nimepanga kufuga panya.

Dada yangu mdogo alibaki akiosha vyombo jikoni. Mimi nikaenda kutazama mdomo wa mpira, maana fundi cherehani wa nyumba ya mwisho alilalamika kwamba mtaro unajaa.

Nilimkuta ameinama pale mtaroni, anajaza ndoo. Ndoo mbili zilikuwa tayari zimejaa kando yake. Aliponiona akanishukuru. Alisema huu udongo ni mzuri sana, laini, hauna hata jiwe moja, anautaka kwa maua yake.

Nilitazama. Mpira wangu ulikuwa unatapika maji mekundu kama supu ya maharage, na mbele yake palikuwa na tuta la udongo lililotanda kama feni iliyofunguliwa. Nilimuuliza limeanza lini. Akasema tangu jana asubuhi, jana lilikuwa dogo. Nikalipima kwa hatua, urefu tano, upana tatu, na katikati mguu wangu ulizama mpaka goti. Mtu aliyebeba kifusi maisha yake yote hahitaji karatasi. Toroli sabini. Bado ule uliosombwa na mtaro.

Ndipo nikajiuliza swali ambalo nilipaswa kujiuliza kabla sijawasha ile mashine. Udongo huu umetoka wapi?

Juu ya uwanja hakuna udongo mwekundu, Ofisi iliufunika wote kwa kifusi. Udongo mwekundu uko chini tu, ndani ya yale mashimo ya chokaa, na huo ndio unaobeba nyumba. Ukiwa umelowa na maji yametulia, maji yenyewe yanausaidia kubeba, kama mkono chini ya sinia. Mimi nilikuwa nimeuondoa mkono, kisha nikaendelea kuuvuta udongo wenyewe uliokuwa katikati. Toroli sabini chini ya chumba cha hatua nne kwa tatu. Ukizitandaza, ni shimo la magotini. Ukizikusanya pembe moja, ni shimo la kummeza mtu na kitanda chake.

Nilitaka kukimbia, na miguu ikakataa, kwa sababu akili yangu ilikuwa tayari inafikiria kishindo. Nilitembea. Njia nzima nilikanyaga kwa vidole kama mwizi, katikati ya mchana, jua linawaka, watoto wananitazama wanacheka.

Jenereta ilikuwa nje, ukutani kwetu. Nilisimama mbele yake na sikujua la kufanya. Nikiacha pampu iendelee, inachimba. Nikizima, maji yanarudi, na udongo uliobaki kuning'inia chini ya vigae utalowa na kuanguka. Nilizima. Feni nazo zilikufa, maana zilikula umeme mmoja, na kwa mara ya kwanza baada ya siku mbili nyumba ikawa kimya.

Hilo ndilo kosa la watu wa kazi yangu, naliandika hapa wenzangu walisome. Mashine zetu zinapiga kelele, na tunazipenda kelele zile, tunaona ndiyo kazi yenyewe. Hatuzimi kusikiliza.

Nilisikia. Chini ya sakafu kitu kilidondoka majini. Kikanyamaza. Kikadondoka kingine. Sauti ndogo, kama mtu aliyekaa kwenye ukingo wa kisima anatupia vijiwe kwa kukosa kazi. Ila vijiwe vilikuwa vinaanguka kwa muda mrefu kabla ya kugusa maji.

Mama aliita kutoka chumbani kwamba joto limeingia, nani amezima feni, au na feni nazo nimeziandikia barua. Nikafika mlangoni kwake. Nilikuwa nimeokota nyundo yangu ukumbini, nikaigeuza, nikagonga kwa mpini kigae cha kwanza ndani ya kizingiti. Kilijibu kwa ukavu, kama meza. Cha pili hivyohivyo. Cha tatu kilijibu kama ngoma.

Kitanda kilikuwa juu ya kigae cha tano.

Nilimwambia mama atulie, asijigeuze. Akauliza kwani nani ameniambia anaweza kujigeuza. Akaendelea kusema, kwamba nikiwa mdogo nilikuwa hivihivi, nikiona mjusi natangaza mamba, na kwamba baba yangu alifariki akiwa na deni moja tu duniani, la kunifundisha kunyamaza. Halafu kitu kikubwa zaidi kilidondoka chini yake, na safari hii maji yalirusha mwangwi, tukausikia wote wawili kupitia miguu ya kitanda.

Mama akanyamaza. Tangu nimjue, mama yangu hajawahi kuacha sentensi katikati. Alishika ukingo wa godoro kwa mikono yote miwili, akanitazama, na macho yake yalikuwa ya mtoto.

Dada alikuja kutoka jikoni mikono ina povu. Nikamzuia kwa mkono kifuani, nikamweleza kwa maneno machache. Alitazama chumba, akatazama kitanda, akanitazama mimi kuanzia juu mpaka chini.

"Una kilo ngapi, Kaka?"

Nilisema tisini.

"Mimi arobaini na nane. Usinibishie."

Nilibisha hata hivyo, lakini nilibisha huku nikitafuta bisibisi. Nilikuwa nimekwisha kuona la kufanya. Mlango wa mama ni mbao nzito, mrefu kuliko mtu. Ukilazwa juu ya kizingiti, nusu ndani nusu ukumbini, na upande wa ukumbini ukikaliwa na mtu mzito, upande wa ndani unaweza kuelea karibu na kitanda bila kuitegemea sakafu. Bawaba zilikuwa mbili, skrubu sita. Tano zilitoka. Ya sita ilikuwa imekula kutu ya mafuriko matatu, na kichwa chake kilikuwa kimelika. Bisibisi ilicheza kwenye lile tundu kama ulimi wa kengele. Chini, vijiwe vilikuwa vimeacha kudondoka kimoja kimoja. Vilikuwa vinakuja vitatu vitatu.

Wakati huo msimamizi wa Ofisi akaingia, na fomu zake kwenye ubao wa kuandikia. Alikuwa akipita nyumba kwa nyumba kusaini kwamba zimekauka, ili shule ifunguliwe. Aliuliza nani aliyethubutu kuzima pampu. Nilimwambia asimame hapohapo alipo, asiongeze hata hatua moja. Akacheka kidogo, akasema ni mimi niliyezidai pampu hizi, barua saba anazo ofisini, ametunza zote.

"Kweli nilizidai," nilimwambia. "Nilikosea. Pampu imekula udongo chini ya mama yangu. Njoo ukae juu ya mlango huu."

Alitaka kusema neno. Kisha vikadondoka vingi kwa pamoja, kama mtu amemimina gunia, na kigae cha nne kikapasuka katikati, mbele ya macho yetu, ufa mwembamba kama unywele uliotembea kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Msimamizi ana mwili, kunizidi hata mimi. Aliweka ubao wake chini kwa uangalifu, kama mtu anayeweka yai, akaja.

Skrubu ya sita niliivunja kwa nyundo, pigo moja, na baada ya pigo hilo nikasubiri sakafu ianguke. Haikuanguka. Tukaulaza mlango. Mimi na yeye tukakaa upande wa ukumbini, bega kwa bega, makalio kwa makalio, watu wawili ambao kwa miaka kumi na moja hatujawahi kusalimiana bila shahidi. Nilisikia moyo wake ukipiga kupitia mbao. Alikuwa ananong'ona, ananiambia niegemee nyuma, niegemee zaidi.

Dada alivua kandambili akatambaa kwa tumbo. Mlango uliinama, ukapumua, ukatulia. Alipofika mwisho alinyoosha mikono, akakunja blanketi kumzunguka mama, akamwambia kwa sauti ileile anayotumia kumlisha uji kwamba sasa anamvuta, ajilegeze. Mama alikuwa bado ameshika godoro, na vidole vyake vilikataa kuachia. Dada alivibandua kimoja kimoja. Nilivihesabu. Sijui kwa nini nilivihesabu, lakini kila kilipobanduka kimoja nilisikia mlango ukizidi kuwa mzito, na kisigino cha msimamizi kikisuguana na sakafu kutafuta pa kushikia.

Mama akaja juu ya mbao. Uzito wa wanawake wawili ukainua upande wetu kiasi cha unene wa kidole. Tukajilaza nyuma kabisa, mimi na adui yangu, migongo imegusa vigae vya ukumbini, miguu hewani, kama watoto kwenye bembea. Dada alirudi kinyumenyume akiburuta blanketi, inchi, anapumzika, inchi. Kichwa cha mama kilipovuka kizingiti niliachia mlango nikamkamata makwapani. Hata hatukumwinua vizuri. Tulimburuta ukumbini, tukampitisha sebuleni, tukamtoa hadi barabarani, tukamweka juu ya benchi la fundi cherehani.

Mama alitazama nyumba. Ilikuwa imesimama pale pale, na mlango wake wa rangi ya wote. Majirani walikuwa wamekusanyika, wanauliza kuna nini, na mimi nilikuwa nikihema kama mbwa, sina la kuwaonyesha. Msimamizi alijipangusa suruali. Rangi ilianza kumrudia usoni, na pamoja na rangi ikamrudia Ofisi. Alisema ufa mmoja wa kigae si msiba. Alisema nimewatia watu hofu bure, na pampu iwashwe. Akaingia kuchukua ubao wake.

Alitoka mara moja, bila ubao. Alipokuwa ndani hakuna kishindo tulichosikia. Ulikuja mguno tu, mrefu, kama wa mtu mzima anayeketi baada ya kutwa nzima ya kusimama, na vumbi jekundu likatoka dirishani. Msimamizi aliketi chini barabarani. Tulimuuliza. Alisema kitanda kimeshuka kikiwa kimesimama juu ya miguu yake, pamoja na mto, pamoja na maji ya kunywa juu ya stuli, na hakuona kilipofika.

Ningependa kuandika kwamba hapo nilishukuru. Nilisikia pampu kumi na moja zikinguruma mtaani.

Nilimwambia fundi cherehani azime yake kwanza. Akakunja mikono. Alinikumbusha, mbele ya watu, nani aliyesimama juu ya pipa juzi, na neno gani nililotumia kwa atakayezima. Nilisema ni mimi. Nilisema nilikosea, na kwamba ndoo zake mbili za maua ni sakafu ya mama yangu. Alizitazama zile ndoo. Kisha akaenda, hakukimbia, akakanyaga kwa vidole kama nilivyokanyaga mimi, na pampu yake ikazimika.

Tulipita nyumba kwa nyumba. Wengine walizima baada ya kuchungulia dirishani kwa mama. Wawili walinitukana, nikavuta nyaya zao mwenyewe. Msimamizi alikuja nyuma yangu, na kila nilipokataliwa aliitikia kwa kichwa kuwaambia ni kweli. Nyumba ya kumi na moja ilipozimwa, mtaa wote ukawa kimya, na katika ukimya ule tuliwaondoa watu vyumbani, wagonjwa, watoto, bibi mmoja aliyegoma mpaka tukambeba na kiti chake. Hakuna aliyepaza sauti. Hata watoto walinong'ona.

Kisha hatukuwa na kingine cha kufanya. Kama kuna lililobaki la kuzishika nyumba zile, ni maji yenyewe, yakirudi kujaa chini yake kabla udongo haujaisha kuanguka. Watu waliniuliza yatachukua muda gani. Nikasema sijui. Sijawahi kusema neno hilo hadharani.

Tulisimama milangoni, kila familia nje ya kizingiti chake, tukitazama ndani kwenye sakafu zetu kavu, zilezile tulizolala madarasani kwa kuzingoja, tulizoziandamania. Nusu saa. Saa nzima. Mama aliuliza kutoka kwenye benchi kama bado. Dada akamwambia bado, Mama. Mahali fulani katika safu ya pili ukuta ulipasuka, na watu wote walishikana mikono bila kuangalia wanamshika nani. Mimi niliushika wa msimamizi, na sikuuachia.

Halafu fundi cherehani, aliyekuwa amepiga magoti mlangoni kwake, aligusa sakafu kwa kiganja akakiinua kitazamwe. Kilikuwa kimelowa.

"Yanapanda," alisema.

Na mtaa mzima, watu waliolala siku sita juu ya madawati kwa sababu ya maji hayo hayo, ukaanza kuyaomba yafanye haraka.